Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Lamu: wagonjwa wa hospitali moja si Lamu nzima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu, Afisa Mkuu wa Afya, wasimamizi wa hospitali zetu, na wajumbe wa kamati za maadili mnaopitisha tafiti za pwani,

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Mimi ni muuguzi. Nimehudumu kisiwani Pate, nimehudumu bara, na sasa niko mjini Lamu. Naandika juu ya jambo ambalo halipigiwi kelele barazani kama uhaba wa dawa au mishahara iliyochelewa, lakini ndilo linaloamua dawa gani zinunuliwe na boti ya wagonjwa iwekwe wapi. Ni tafiti za kitabibu zinazofanywa kwa wagonjwa wa hospitali moja, kisha matokeo yake yanasomwa kana kwamba Lamu nzima imepimwa.

Watafiti wanakuja kwetu, na waje. Mtu anayevuka maji kuja kutuuliza tunaumwa nini hastahili kufukuzwa. Ila mwendo wao karibu wote ni mmoja. Mtafiti anapata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu tafiti, anapita kwenye ofisi za kaunti kujitambulisha, kisha anaingia hospitali kubwa, maana ndiko kuna rejista, maabara na umeme. Anachukua wagonjwa wa miezi mitatu au minne, anahesabu, anaondoka. Baadaye kunatoka ripoti yenye jina la kaunti yetu kwenye jalada, na siku moja sentensi ya ripoti ile inasomwa kwenye kikao cha bajeti. Aliyeisoma hana habari kwamba wagonjwa wote waliotajwa mle walipita mlango mmoja.

Sina ugomvi na utafiti wa hospitali moja. Una faida zake na nitazitaja. Ninachokipinga ni kuunyoosha mpaka ufunike watu ambao haukuwagusa.

Tuanze na rejista yenyewe. Rejista ya wodi ya wazazi ina safu ya mahali mama anapokaa. Mama wa Kizingitini mwenye mimba ya shida, ikiwa ana jamaa mjini, huja wiki kadhaa kabla ya siku zake, akafikia kwa shangazi yake Langoni au Gadeni, akangojea uchungu huko. Siku akiingia wodini anaulizwa, "Mama, unakaa wapi?" Anajibu, "Langoni." Hajadanganya, ndiko alikolala jana na juzi. Muuguzi naye ana mama wengine wawili wako karibu kujifungua, anaandika Langoni na kugeukia kazi. Tangu dakika hiyo mama yule ni mtu wa mjini. Kifafa cha mimba, degedege la shinikizo la damu, kilichomtoa Kizingitini kimehesabiwa Langoni. Na jirani yake wa kule kisiwani asiye na shangazi mjini, aliyezalia nyumbani akatokwa na damu nyingi usiku maji yakiwa yamekupwa, huyo hayumo kwenye kitabu kabisa.

Mtafiti akifungua rejista ile ataona shinikizo la damu la mimba limejaa mjini na Kizingitini kuko shwari. Atakuwa amehesabu sawasawa kila kilichoandikwa. Hesabu itakuwa safi, na jibu litakuwa si kweli. Na jibu hilo likifika kwenu, vifaa vitaongezwa mjini na zahanati ya kisiwani itaonekana haina haja.

Halafu kuna bahari yenyewe. Kusi likivuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, wagonjwa wa Faza, Ndau, Kiwayu na Kiunga hupungua hospitalini. Hawapungui kuugua, wanapungua kusafiri. Anayefika huwa ama amezidiwa kabisa hata ukoo mzima umechangishana mafuta ya boti, ama ni mtu mwenye uwezo wake. Utafiti wa miezi hiyo kwa sehemu kubwa ni utafiti wa watu wa mjini, Shela, Matondoni, na wale wanaovuka kutoka Mokowe. Ukirudiwa wakati wa kaskazi, sura za wagonjwa zinabadilika. Ripoti zilizonipitia mkononi huandika mwezi na mwaka, wala hazisemi chochote juu ya upepo, kwa kuwa aliyeandika hakujua kwamba upepo ni sehemu ya sampuli yake.

Upande wa pili wa rejista nao unavuja. Mgonjwa akizidiwa hupewa rufaa kwenda Malindi au Mombasa. Kwenye kitabu huandikwa "rufaa," na habari yake inaishia hapo. Alipona? Alikata roho kabla ya kufika Garsen? Hakuna anayejua isipokuwa watu wake. Utafiti wa vifo ukimtoa mgonjwa huyo kwenye hesabu, matibabu yataonekana mazuri kuliko yalivyo, na ukimweka pamoja na waliotoka hospitali wakiwa hai, ndiyo balaa zaidi. Huku wenye nafasi wa Mpeketoni na Witu hupanda gari moja kwa moja hadi Malindi, hata mlango wetu hawauoni. Kwa hiyo hospitali moja ya Lamu inawakosa maskini wa visiwani, inawapoteza mahututi njiani, na wenye fedha hawapiti kwake. Waliobaki ndio tunaowaita "wagonjwa wa Lamu."

Kuna na mambo mengine ambayo hospitali moja haiwezi kuyakwepa. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha maabara, ugonjwa uliokuwa ukipimwa unatoweka vitabuni mpaka vije vingine. Mgomo wa madaktari wa nchi nzima, ulioanza Desemba 2016 na kuisha Machi 2017, ulidumu siku 100, na mwaka uleule wauguzi nao waligoma kwa karibu miezi mitano. Mtu akitumia rejista za hospitali ya umma za mwaka 2017 bila kujua hayo, atadhani Wakenya walikuwa na afya njema ajabu mwaka ule.

Hili si jambo geni kwa wataalamu. Mwaka 1946 Joseph Berkson, daktari na mtakwimu wa Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa yanaweza kuonekana yameshikana ukiwatazama waliolazwa peke yao, kwa sababu mwenye magonjwa mawili ana sababu mbili za kumfikisha kitandani. Hapa kwetu ongezeni sababu ya tatu, nayo ni kuwa na nauli ya boti. Nauli hiyo haiandikwi kwenye faili lolote, lakini imo ndani ya kila asilimia inayotolewa hospitalini.

Mkitaka ushahidi wa kwetu wenyewe, upo, na si wa zamani sana. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2004, mji wa Lamu uliposhikwa na homa iliyowakunja watu viungo hata mtu mzima akashindwa kushika kikombe. Ilikuwa chikungunya, na ilifika kileleni mwezi wa Julai. Wengi hawakwenda hospitali. Walikaa nyumbani, wakanywa dawa za maumivu, wakachuliwa, wakangoja ipite. Lakini watafiti wa mwaka ule hawakutosheka na waliofika hospitalini. Walichukua damu za watu wa kisiwani, waliougua na wasiougua, wakapima nani amepitiwa na virusi. Jawabu lilikuwa asilimia 75. Walikadiria kwamba watu wapatao 13,500 wa kisiwa cha Lamu waliambukizwa.

Tafadhali itazameni namba hiyo. Watu watatu katika kila wanne! Hakuna rejista ya hospitali, hata iandikwe na malaika, ingeweza kutoa jawabu hilo, maana waliolala majumbani hawakuwa na faili. Na ufafanuzi wa sababu haukutoka wodini vilevile. Ulitoka kwenye ukame wa kipindi kile na kwenye maji yaliyowekwa majumbani, kwenye vyombo vilivyokaa muda bila kujazwa upya, mbu wakazaliana humo. Mwaka uleule homa ikapiga Mombasa, mwaka 2005 ikafika Ngazija na visiwa jirani vya Komoro, kisha kisiwa cha Réunion na India. Dunia ilijua ukubwa wa maradhi yaliyoanzia kwetu kwa kuwa kuna watu waliotoka nje ya lango la hospitali wakaenda kuuliza mtaani. Utafiti ule ulifanyika hapahapa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Lamu haiwezekani.

Sasa niseme juu ya hatari, maana kuna atakayeona kwamba hizi ni hesabu za wasomi tu. Jirani zetu wa Kilifi wana kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza, kilichoanza mwaka 1989. Mwaka 2005 watafiti wa pale walichapisha jaribio lililofanywa hospitalini kwao kwa watoto wenye malaria kali. Waliotiwa maji ya albumini, protini ya damu, mishipani walifariki asilimia 3.6, na waliotiwa maji ya chumvi walifariki asilimia 18. Tofauti kubwa hiyo, na ya kuvutia. Ingekuwa kaunti fulani yenye haraka, kesho yake ingeagiza albumini kwa fedha nyingi. Lakini waliofanya kazi ile waliita matokeo yao ushahidi wa awali, kisha wakajiunga na wenzao katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, wakafanya jaribio la FEAST kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa maji kwa kasi. Ubora wa albumini haukuonekana tena. Na jambo zito zaidi, ule umiminaji wa haraka uliokuwa ukihimizwa kwa watoto kama hao ulikuwa unaua. (Kwa wenzangu wa wodi za watoto: jaribio lile halikuwahusu wanaokaukiwa maji kwa kuhara, msije mkawanyima dripu.)

Mimi nimetundika dripu hizo kwa mikono yangu, kwa mwongozo uliokuwepo, kama wauguzi wote wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana suala la utafiti umefanywa wapi na kwa nani silioni kuwa la maktaba. Linaishia kwenye mshipa wa mtoto.

Hata nchi zenye mali yamewapata. Mwaka 2001 hospitali moja ya Leuven, Ubelgiji, iliripoti kwamba kuibana sukari ya damu kwa insulini kumepunguza vifo katika wodi yake ya mahututi kutoka asilimia 8 hadi 4.6. Wodi nyingi duniani zikafuata. Mwaka 2009 jaribio la NICE-SUGAR, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000 kutoka hospitali 42, likakuta kinyume chake, waliobanwa sukari ndio waliofariki zaidi. Leuven hawakuongopa. Wodi yao ilikuwa na desturi zake za kulisha wagonjwa na kuwaangalia, na desturi hizo hazisafiri pamoja na makala.

Nilisema utafiti wa hospitali moja una faida zake, na mfano bora uko Kilifi hukohuko. Kati ya mwaka 1998 na 2002 watoto waliolazwa hospitali ya Kilifi walipimwa damu kutafuta bakteria, jambo ambalo hospitali za wilaya hazikuwa zikilifanya. Ikabainika kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia pale walikuwa na bakteria kwenye damu. Kabla ya hapo wengi wangezikwa kwa jina la malaria. Hospitali moja, iliyofanya kazi kwa uangalifu mwaka baada ya mwaka, ilifungua macho ya bara zima. Na tangu mwaka 2000 Kilifi wana jambo lingine ambalo sisi hatuna, nalo ni kwamba wamewahesabu watu wanaoizunguka hospitali, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, na mgonjwa akilazwa anaunganishwa na nyumba yake. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya pneumokoki, bakteria wa nimonia, mwaka 2011, waliweza kusema ugonjwa umepungua kiasi gani kwa watu wangapi. Wanawajua walioko nje ya geti. Mvuvi mwenye dema moja, mtego wa samaki, anaweza kukueleza mengi ya kweli, mradi anajua amelizamisha wapi na samaki gani hawaingii humo.

Sisi tuna sensa ya mwaka 2019, iliyokuta watu 143,920 katika kaunti yote, na kati yao 22,258 tu ndio wa Lamu Mashariki. Kwa udogo wa namba hiyo, Lamu Mashariki nzima inaweza kukosekana kwenye utafiti na asilimia za mwisho zisitikisike. Ndivyo Pate, Kiwayu, Kiunga na vijiji vya Waboni wa Basuba vinavyopotea bila aliyekusudia kuvipoteza.

Lipo na la ridhaa, nalo linanikera kuliko yote. Penye hospitali tano, mgonjwa asiyetaka kuingizwa kwenye utafiti anaweza kwenda ya pili. Kwetu anakwenda wapi? Nimewahi kumwona mama, katika hospitali mojawapo ya pwani hii, ametoka kujifungua, mtoto yuko kifuani hajanyonya vizuri, fomu ya kurasa kadhaa inaletwa na yuleyule aliyemshona. Mama alitia kidole gumba bila kuuliza neno. Angekataaje? Dawa zake, mshono wake na chanjo ya mwanawe viko mikononi mwa mtu huyohuyo. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti, ambalo madaktari wa dunia wamelifuata tangu mwaka 1964, linasema wazi kwamba mgonjwa anapomtegemea anayemtibu, ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye ujuzi asiye sehemu ya uhusiano huo. Penye hospitali moja, karibu kila mgonjwa yuko katika hali hiyo. Naomba kamati za maadili mlisimamie hili kwa Lamu bila kulegeza, na fomu isomwe kwa Kiswahili cha kusikilizana, mama akiwa amelala usingizi wake na amekunywa uji wake kwanza.

Kwa hiyo ninachowaomba si kufunga milango. Ombi lolote la utafiti likifika mezani, liulizwe swali ambalo fomu nyingi hazina: wagonjwa gani hawatakuwemo, na mtafiti atafanya nini juu yao? Akisema hana la kufanya, basi ripoti yake itaje jina la hospitali kwenye kichwa chake wala isitaje kaunti. Na kabla ya kaunti kubadili dawa, kuhamisha boti au kufunga huduma kwa sababu ya matokeo ya kituo kimoja, yapimwe kwanza kwenye kituo cha pili, Faza au Mpeketoni, maana watu wake na njia zake ni tofauti na za mjini.

Rejista inaweza kurekebishwa bila kungoja mfadhili. Badala ya "unakaa wapi," mgonjwa aulizwe kwao ni kijiji gani na amefikia wapi, yaandikwe yote mawili. Kila aliyepewa rufaa aandikiwe namba ya simu ya jamaa, na baada ya mwezi mtu apige kuuliza. Ni kazi ya saa chache kwa wiki. Malindi na Mombasa nao waombwe waturudishie habari ya wagonjwa wetu, angalau alitoka hai au la.

Wahudumu wa afya ya jamii tunao, na tangu mwaka 2023 wanatembea na simu za kazi nyumba hadi nyumba. Hao ndio wanaojua nani amezalia nyumbani Siyu na nani amekohoa mwezi mzima Ndau. Utafiti wowote mkubwa wa hospitali uambatane na orodha yao, hata kama ni kwa vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa kura. Na ule mtandao wa taarifa za kitabibu ulioanza mwaka 2013, ambamo hospitali za kaunti mbalimbali hujaza karatasi moja ya kulaza watoto na kulinganisha, ufanyeni mfano wa hospitali zetu za hapa, ili Lamu, Faza na Mpeketoni ziweze kusomwa pamoja.

Matokeo nayo yarudi, na yasirudi kwa barua pepe ya mkubwa mmoja. Yasomwe barazani Faza na Mpeketoni, watu waulize. Mzee wa Mbwajumwali akiambiwa kijiji chake hakina wagonjwa wa kisukari, ndiye atakayewaeleza ni kwa nini hawakuonekana.

Mapendekezo ya rejista nimeyaandika kwenye karatasi moja pamoja na mfano wa safu zenyewe, na niko tayari kuyaleta ofisini siku mtakayoniita, nikiambatana na mwenzangu wa kumbukumbu za afya na mkunga mmoja wa kisiwani. Kusi halijaanza. Tukikutana kabla ya Aprili, safu mpya zinaweza kuwa zimechapwa na kufika zahanati za Pate kabla bahari haijachafuka.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, Lamu